Kosa si la Mtambo

Msomaji wangu, iko hukumu moja itolewayo upesi mno majumbani mwetu, tena hutolewa bila shahidi. Mtu hununua mtambo wa sauti wa sinema ya nyumbani, spika tano na wufa yake, akaufungua kwa shangwe, akaupanga apendavyo na kuuwasha, na usipomridhisha katika saa ya kwanza hutamka: "Mtambo huu ni mbovu." Mimi nasimama upande wa mshitakiwa huyu, ambaye ana vinywa sita lakini hawezi kujitetea. Nasema kwamba aghalabu kosa si lake, na kwamba wewe uliye shuleni ndiwe uwezaye kulithibitisha jambo hilo, ila umezoea kunyamaza.

Nitaanza na kisa nilichokiona kwa macho. Shemeji yangu alinunua mtambo wa namna hiyo kwa fedha alizoziweka miezi mingi. Usiku wa kwanza tulikusanyika sebuleni kwake kutazama filamu. Magari yalinguruma, milango ilibamizwa, madirisha yakatetemeka. Walakini wachezaji walipofumbua vinywa tulisikia mnong'ono tu, kama wa watu wasemao ndani ya mtungi. Shemeji akaongeza sauti. Maneno hayakuongezeka, ngurumo ndizo zilizoongezeka, na mtoto mchanga wa jirani akaamka. Siku ya pili aliitwa fundi. Akagonga sanduku kwa kidole, akasema kuna kitu cha ndani kilichoungua na kwamba ni nafuu kununua mtambo mwingine. Alilipwa kwa maneno hayo.

Mpwa wangu, msichana wa Kidato cha Pili, aliyasikia yote. "Baba, naomba nijaribu," alisema. Akajibiwa kwamba mambo ya waya si ya wasichana. Naona haya kukiri kwamba mimi nami nilikuwapo, wala sikumtetea.

Jumamosi baba yake aliposafiri, aliniita. "Shikamoo, Mjomba. Mama ameniruhusu. Njoo uone, ila usiguse kitu."

Kwanza alikisoma kijitabu kilichokuja na mtambo, ambacho kilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa nailoni. Humo alikuta kwamba mtambo una sauti ya majaribio, mvumo kama wa mvua ya mbali, upitao katika spika moja baada ya nyingine. Akabonyeza rimoti. Kushoto, mvumo, katikati, kimya, kulia, mvumo, nyuma, zote mbili zikavuma. Kwa dakika moja filamu iliondolewa lawama, na televisheni pia, maana mvumo ule huzaliwa ndani ya mtambo wenyewe. Akazima, akachomoa plagi ukutani, akaichukua spika ya kulia pamoja na waya wake na kuifunga mahali pa ile ya katikati. Alipowasha, ikavuma. Basi mahali pale ni pazima, na kile "kitu cha ndani" hakikuungua. Akazima tena, akaifunga spika ya katikati kwa waya ule wa kulia, nayo ikavuma. Basi spika ni nzima. Kilibaki nini? Waya. Akautazama nchani, akakuta kibanio kimebana ganda la plastiki, wala hakikugusa shaba. Akalimenya ganda kiasi cha sentimita moja, akazisokota nyuzi za shaba zisije zikagusa za upande wa pili, akarudisha kila kitu mahali pake. Usiku ule tulimsikia kila mchezaji, ilhali sauti ilikuwa chini sana ya ile ya siku ya kwanza.

Angalia njia yake. Alibadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na kila jaribio lilimwondolea lawama mmoja wa watuhumiwa. Njia hiyo umefundishwa katika chumba cha fizikia, ukaiandika daftarini, ukapewa alama. Kwa nini basi huiacha langoni mwa shule kama kiatu chenye matope?

Labda utauliza kwa nini spika moja ya katikati inyimapo sauti filamu nzima huharibika. Mwaka 1931 Mwingereza Alan Blumlein, mhandisi wa sauti, aliomba hati ya uvumbuzi wa sauti ya pande mbili. Husimuliwa kwamba aliudhika katika sinema kwa kuwa mchezaji alionekana upande mmoja na sauti yake ikatoka upande mwingine. Alichotaka ni sauti ikae na kinywa. Katika mitambo ya leo ya spika tano, maneno mengi ya wachezaji hupewa ile ya katikati kwa sababu hiyo hiyo. Nasi twaifanyia nini? Nimeiona juu ya kabati karibu na dari. Nimeiona nyuma ya chombo cha maua. Nimeiona imevikwa kitambaa cha kufuma kama kiti cha mgeni. Na spika za nyuma nimeziona zimesimamishwa mbele, kando ya televisheni, ili wageni wazione! Mwenye nyumba huyo asilalamike.

Dawa ya wengi ni kuongeza sauti. Hiyo si dawa. Nguvu ya umeme iendayo kwenye spika ikiongezwa maradufu, kipimo hupanda desibeli 3 tu, na sikio huona tofauti ndogo. Ili sauti ionekane imekuwa maradufu zahitajika desibeli kama 10, yaani nguvu mara kumi. Kwa hiyo tarakimu kubwa zilizopigwa chapa ubavuni mwa sanduku zisikulevye. Sikio nalo lina mpaka wake: wataalamu wa afya kazini wa Marekani hushauri desibeli 85 zisizidi saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka 3, muda upunguzwe nusu. Na jirani ana haki yake. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 ziliweka kipimo cha usiku katika makazi kuwa desibeli 35.

Wengine hulalamika kwamba besi ni dhaifu, wakaenda kununua wufa ya pili. Heri wangetazama kwanza kama waya mwekundu na mweusi wa spika moja ya mbele zimebadilishana. Zikibadilishana, spika hiyo huvuta hewa wakati mwenzake anaisukuma, na besi zikauana. Besi ikizidi mno, isogeze wufa kutoka pembeni mwa chumba. Na kama sauti ya televisheni haifiki kabisa kwenye mtambo, tazama waya wa HDMI umechomekwa tundu gani. Lile liandikwalo ARC ndilo lirudishalo sauti.

Watakuambia kwamba umeme huua. Ni kweli, na sikubishii. Sanduku lenyewe usilifungue hata kama plagi imechomolewa, maana ndani yake mna vifaa vihifadhivyo umeme kwa muda; hapo ni kazi ya fundi aliyesoma. Lakini mitambo mingi haikufa ndani ya sanduku. Iliuawa nje, katika waya, katika rimoti na katika mpangilio wa chumba. Watakuambia tena kwamba siku hizi iko mitambo ijipimayo yenyewe kwa maikrofoni iwekwayo juu ya kiti. Iko. Nayo hupima inachokisikia. Haina mikono ya kuitoa spika nyuma ya maua.

Shemeji yangu alirejea Jumatatu. Aliitazama filamu ile ile hadi mwisho bila kusema neno, wala hakuuliza ni nani aliyeugusa mtambo wake. Kisha akamgeukia binti yake, akamwambia aitazame na redio ya jikoni, ambayo ilikuwa haijasema tangu mwaka jana.