Damu Haisubiri Fomu

Hapa mkoani Mara, mkazi wa Mugango akiambiwa "kachukue PF3", hahitaji ufafanuzi. Ni fomu ya polisi inayotakiwa mtu ajeruhiwapo kwa ajali au kwa kushambuliwa. Kazi yake ni kuhifadhi ushahidi. Swali la msingi ni hili: mtoto aliyepigwa risasi mguuni atangulizwe kwa tabibu au kituoni?

Swali hili si la kinadharia. Tarehe 16 Mei 2011, huko Nyamongo wilayani Tarime, polisi waliwafyatulia risasi wanakijiji walioingia katika mgodi wa North Mara. Watano waliuawa, wengine wakajeruhiwa. Katika mazingira kama hayo, kumtaka majeruhi aanzie kituoni ni kumpeleka kwa wale wale anaowaogopa. Atabaki nyumbani na kidonda chake.

Na kidonda hicho hakingoji. Risasi huingiza uchafu na nyuzi za nguo ndani ya nyama. Yaweza kuvunja mfupa na kukata mshipa mkubwa wa damu. Mguu uliokosa damu kwa muda wa saa sita hivi uko hatarini kukatwa. Kazi ya kwanza ni kuzuia damu, kupima mapigo mguuni, kusafisha jeraha bila kukimbilia kulishona, kukinga pepopunda na kuutuliza mfupa uliovunjika. Kuitoa risasi yenyewe mara nyingi si dharura. Kwa mtoto kuna la ziada: karibu na ncha za mifupa yake zipo sehemu laini za ukuaji. Zikiharibika, mguu waweza kubaki mfupi au kupinda. Hivyo afuatiliwe mpaka atakapoacha kurefuka.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inataka maslahi yake yatangulie. Jirani zetu wa Kenya wameandika katika ibara ya 43 ya Katiba yao ya 2010 kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Nasi tuliseme hilo bila kumung'unya maneno, tena kwa tangazo lililobandikwa katika kila zahanati: tabibu aanze kutibu, kisha kituo cha afya, wala si mama mwenye majeruhi, kiwaarifu polisi. Ushahidi hautapotea. Jeraha litaelezwa kwenye faili, na risasi ikitolewa itatunzwa. Mguu uliokatwa, hakuna muhuri utakaouotesha.