Atakwenda Kule Kama Nani?



Juma hili tumerejea kutoka Kebirigo, katika kaunti ya Nyamira, ambako tulikwenda kuwajulia hali jamaa zetu. Wamekaa huko miaka mingi. Ndani ya nyumba huzungumza Kiswahili cha Mombasa, sokoni huzungumza Ekegusii, na shamba lao la chai ndilo lililowasomesha watoto wote.

Tuliwakuta katika shauri zito. Binti wa nyumba, ambaye amemaliza shahada ya kwanza hapa nchini, amepata barua ya kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja cha umma cha Ujerumani. Ada ya masomo hatatozwa, lakini kabla ya kupewa viza lazima aonyeshe kuwa ana fedha za kumtosha mwaka mzima. Baba amekwisha kumwonyesha jirani mpaka wa kipande cha shamba anachotaka kukiuza. Mama yuko baina ya furaha na hofu. Nyanya, aliyeletwa Kebirigo akiwa bi arusi, aliuliza swali moja tu: "Mjukuu wangu atakwenda kule kama nani?"

Baba alidhani mama yake anauliza habari za viza, akaanza kueleza. Nyanya akamkatiza kwa upole: "Sikuuliza karatasi, mwanangu. Nimeuliza mtu."

Sisi tulinyamaza. Tuliona kuwa swali lile lina umri mkubwa, na kwamba mtu wa pwani yetu alikwisha kuishi ndani yake, katika vyuo vya nchi hiyo hiyo, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kisa chake tuliwasimulia usiku ule baada ya sala ya Isha, na leo twawasimulia ninyi.

Chuo Kikuu cha Berlin kilifungua milango yake mwaka 1810. Mfalme wa Prussia alikitolea jumba la kifalme katika barabara ya Unter den Linden, na mtu aliyekipa mwelekeo ni Wilhelm von Humboldt. Fikra iliyokijengea sifa ni kwamba mwalimu wa chuo kikuu asiwe mtu wa kukariri yaliyokwisha kuandikwa. Awe mwenyewe anatafuta elimu mpya, na mwanafunzi aketi karibu naye ajifunze namna ya kutafuta. Mfumo huo wa kuunganisha kufundisha na kuchunguza uliigwa Ulaya na Marekani, na hata vyuo vikuu vyetu vya Afrika Mashariki vimeurithi kwa njia hiyo. Chuo chenyewe tangu mwaka 1949 chaitwa Chuo Kikuu cha Humboldt, na hivi leo kina wanafunzi zaidi ya 30,000.

Katika mwaka 1887, serikali ya Ujerumani ikiwa imeingia katika mbio za kujitwalia makoloni, chuo hicho kiliongezewa Seminari ya Lugha za Mashariki. Mkurugenzi wake alikuwa Eduard Sachau, mtaalamu wa Kiarabu aliyefasiri kazi za mwanachuoni wetu mkubwa Al-Biruni. Pale palifundishwa Kichina, Kijapani, Kiarabu, Kituruki, Kiajemi, na Kiswahili. Wanafunzi wa Kiswahili walikuwa maofisa, wamishenari na wafanyabiashara waliojiandaa kuja Afrika Mashariki.

Tatizo likawa moja: sarufi iliweza kufundishwa na Mjerumani aliyeisoma, ila lugha yenyewe, jinsi inavyosemwa na wenyewe, ilihitaji wenyewe. Hivyo wakaitwa watu wa pwani. Kutoka Unguja alikuja Sleman bin Said, kisha Amur bin Nasur, ambaye aliacha maandishi kuhusu maisha yake na mambo aliyoyaona Berlin. Cheo chao kiliitwa lekta. Profesa alieleza kanuni; lekta alizungumza na wanafunzi, akawasomea, akawasahihisha, na akawafundisha kusoma barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Elimu hiyo ya herufi lekta hakuipata Berlin. Aliipata chuoni, kwa maana ile ya kale ya neno hilo, yaani mbele ya mwalimu wa Kurani, miguu imekunjwa, ubao mkononi.

Mwaka 1900 aliwasili Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, yapata mwaka 1869. Alisoma Kurani na elimu ya dini kwa mashekhe wa Bagamoyo, kisha mwenyewe akawafundisha watoto. Alipofika Berlin hakuwa mtu wa kuanza kufundishwa alifu. Alikuwa mwalimu tayari.

Mwaka 1903 kikachapishwa Ujerumani kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Ndani yake mna habari za uzazi na malezi, jando, posa na harusi, ngoma, utumwa, sheria na mazishi ya watu wa pwani kama yalivyokuwa siku zile, kwa Kiswahili safi cha Mrima. Sehemu kubwa ya maelezo hayo yalitoka kwa Mtoro. Hata hivyo jina lililokaa juu ya jalada lilikuwa la Carl Velten, Mjerumani aliyefundisha Kiswahili katika seminari hiyo. Miaka ikapita, watafiti wakakitumia kitabu, na wengi wao wakamtaja Velten. Ilipofika mwaka 1981, ilipochapishwa tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, ndipo kazi ile ilipotambulishwa waziwazi kuwa ya Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mwenyewe alikuwa amekwisha kuiaga dunia miaka 54 nyuma.

Hilo halikuwa zito kuliko yote. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata kazi yake ya Berlin ikawa imekwisha, naye akapanda meli pamoja na mkewe ili warudi kwao. Wakuu wa koloni hawakutaka Mwafrika aonekane akiishi na mke Mzungu katika nchi waliyoitawala. Wakamzuia. Mtu aliyezaliwa karibu na Bagamoyo, aliyewafundisha maofisa wao lugha ya kwao, alikataliwa kukaa katika nchi yake na kurudishwa Ulaya. Aliandika barua za malalamiko kwa wakubwa, asipate haki aliyoitaka.

Mwaka 1909 alipata kazi Hamburg, katika Taasisi ya Kikoloni iliyofunguliwa mwaka mmoja kabla, akiwa msaidizi wa lugha kwa profesa Carl Meinhof. Juu ya msingi wa taasisi hiyo kulijengwa Chuo Kikuu cha Hamburg mwaka 1919, ambacho leo ni miongoni mwa vyuo vikubwa vya Ujerumani. Baadaye Mtoro aliishi kwa kutoa mihadhara kuhusu Afrika Mashariki katika miji mbalimbali. Alifariki Berlin mwaka 1927. Pwani hakuiona tena.

Tulipofika hapo, binti wa Kebirigo aliuliza: "Basi mwasema nisiende?"

Hatukusema hivyo, wala hatusemi. Wahyi wa kwanza uliomshukia Mtume wetu, sala na salamu za Mwenyezi Mungu zimfikie, ulikuwa amri ya kusoma, na umma huu haujapata kuona haya kufuata elimu mahali ilipo. Kwa upande mwingine, chuo kikuu cha Ulaya nacho si kitu kimoja kisichobadilika. Katika Prussia wanawake hawakuruhusiwa kujiandikisha kikamilifu katika vyuo vikuu hadi mwaka 1908. Mwaka 1926 Lise Meitner akawa profesa wa fizikia hapo hapo Berlin. Miaka saba baadaye, walipotawala Wanazi, wahadhiri wa Kiyahudi walifukuzwa, naye akanyang'anywa ruhusa ya kufundisha. Tarehe 10 Mei 1933 vitabu vilichomwa moto katika uwanja ulioelekeana na chuo hicho, na miongoni mwa waliovichoma walikuwa wanafunzi. Na mwaka 2019 chuo hicho hicho kikaanza kufundisha elimu ya dini ya Kiislamu katika taasisi yake maalumu. Jumba limesimama pale pale. Walioingia na waliofukuzwa wamekuwa wakibadilika kila zama. Elimu haimtakasi mtu, wala kuta za chuo hazimlindi. Kinachobaki ni mwanafunzi mwenyewe amekwenda na nini.

Kisa cha Mtoro chatufunza mambo matatu, nasi tuliyasema mbele ya familia nzima.

La kwanza, ajue anacho nini kabla ya kwenda kutafuta asichokuwa nacho. Kiswahili, Ekegusii, madrasa, kazi ya shamba aliyoifanya tangu utotoni: hayo yote ni elimu ambayo wenziwe darasani hawanayo. Katika vyuo vile mwanafunzi wa uzamili hatarajiwi kunyamaza na kunakili. Katika semina hutakiwa aeleze rai yake, aitetee, na mwishoni aandike tasnifu iliyo kazi yake mwenyewe. Mtoto tuliyemlea kwamba adabu ni kutomjibu mkubwa hupata taabu hapo. Yafaa tumfundishe mapema kuwa mtu aweza kumpinga mwalimu kwa hoja, na heshima ikabaki mahali pake.

La pili, jina lake likae juu ya kazi yake. Akikusanya maneno ya wazee kwa ajili ya utafiti, ayaandike majina yao kwa idhini yao. Akifanya kazi na profesa, aulize tangu mwanzo nani ataandikwa mwandishi. Kuuliza si utovu wa shukrani.

La tatu, njia ya kurudi ijulikane kabla ya kuondoka. Mtoro alifungiwa nyumbani na watawala. Watoto wetu hakuna serikali iwafungiayo, lakini wako wanaofungiwa na deni au na aibu. Anayejua kuwa shamba la nyumba limeuzwa kwa ajili yake huogopa kurudi mikono mitupu hata akiwa mgonjwa, hata akiwa ameonewa.

Kwa sababu hiyo tuliwaomba wazazi waziangalie hesabu kwa utulivu. Vyuo vikuu vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo, ila jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wageni wengi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kila muhula. Fedha za kujikimu, kwa kiwango kilichowekwa Septemba 2024, ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Huwekwa katika akaunti maalumu ya benki ambayo humtolea mwanafunzi euro 992 kila mwezi, wala hawezi kuzichukua zote kwa mara moja. Fedha hizo si ada wala zawadi kwa mtu. Ni chakula chake na kodi ya chumba. Wakala atakayesema zipitie mkononi mwake na akimbiwe. Zipo pia ruzuku za masomo, kama za shirika la DAAD lenye ofisi Nairobi, ambazo huombwa miezi mingi kabla. Masomo mengi huanza Oktoba, kwa hiyo anayeanza kuuliza mwezi wa Agosti amechelewa.

Ama suala la binti kusafiri na kuishi mbali na walii wake, hilo ni la kupelekwa kwa mashekhe wenye elimu na kuamuliwa na wazazi pamoja na binti mwenyewe. Sisi hatutoi fatwa katika ukurasa huu. Twasema tu kwamba lizungumzwe waziwazi, na lisiachwe likawa kisingizio cha kuficha hofu nyingine.

Asubuhi ya pili, magunia ya majani yakisubiri kupelekwa kituoni, baba alituambia kuwa amemwomba jirani asubiri. Binti ataandika kuuliza kama nafasi yake yaweza kuahirishwa mwaka mmoja, na katika mwaka huo ataomba ruzuku. Ikipatikana, shamba litabaki. Isipopatikana, wataketi tena washauriane. Hawajafikia uamuzi wa mwisho, wala hatukuwa na haki ya kuwaamulia.

Nyanya hakusema kama amejibiwa. Alimwita mjukuu wake, akamwambia alete daftari, akaanza kumweleza jinsi bi arusi alivyokuwa akitayarishwa katika Mji wa Kale wakati wa ujana wake: siku ngapi alikaa ndani, nani alimsinga, nani alimpaka hina, somo alimwambia nini na nini hakumwambia. Binti aliandika hadi adhuhuri. Tulipochungulia ukurasa wa kwanza tuliona ameandika jina kamili la nyanya yake, na jina la baba ya nyanya, na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, jina lake mwenyewe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa, awahifadhi waliosafiri, awarejeshe salama kwa wazazi wao, na amrehemu Mtoro bin Mwinyi Bakari pamoja na walimu wetu wote waliotangulia. Amin.