Simba Mwene Si Mnyama

Jamani, tuache kuzisifia zana za data za mtandaoni kwa kasi na bei tu. Eti wakala wa akili mnemba "anasoma" nyaraka zako zote, kisha anakujibu. Anasoma nini? Hapa Lushoto niliipa mojawapo kurasa za Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, nikauliza Simba Mwene ni nani. Nikaletewa simba wa Mkomazi! Kumbe ni jina la heshima la mfalme wa Usambara aliyekaa Vuga, wa ukoo wa Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Ngulu.

Kitabu hakina kosa. Zana hizi hukata maandishi vipandevipande, kila kipande hugeuzwa namba, na swali likija huchukuliwa vipande vyenye namba za karibu. Sasa neno kama "wakamtawaza" limebeba watenda, wakati, mtendwa na tendo lenyewe; mashine iliyoshiba Kiingereza hulikatakata kama mchicha. Na mwongozo wake? Mifano yote ni ankara na oda za viatu.

Mtasema itaboreka. Itaboreshwa na nani, kama sisi wapenzi wa vitabu tunawaachia wahandisi peke yao kazi ya kupima? Mi nataka maswali 50 kutoka vitabu vyetu, na kila jibu litaje ukurasa. Lisilotaja lipewe sifuri, hata likija kwa Kiswahili kitamu cha redioni. Na maswali ya Vuga ayatunge Mshambaa.