Ladu ya Diwali na Hesabu ya Sukari

Mtu akishuka pantoni pale Feri akaelekea Kariakoo kwa miguu, aweza kupitia Mtaa wa Kisutu, wenye mahekalu ya Wahindu. Kila mwaka, katika Oktoba au Novemba, usiku wa kiza cha mwezi unapowadia na Diwali kusherehekewa, mtaa huo huwaka taa, na mikebe ya ladu, barfi na jalebi hutoka nyumba hata nyumba. Haiishii kwa Wahindu. Jirani Mwislamu hupelekewa, na Mkristo pia. Desturi hiyo ni njema, na makala haya hayana nia ya kuivunja. Hoja yangu ni kwamba yafaa tuipime kwa mizani ya sayansi.

Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa vijiji sita vya Tanzania: wenye ugonjwa wa kisukari hawakufika asilimia 1 ya watu wazima waliopimwa. Mwaka 1991 Kaushik Ramaiya na wenzake walionyesha kwamba katika jamii za Kihindu za Dar es Salaam ugonjwa huo ulikuwa mwingi zaidi, na kiwango chake kilitofautiana jamii kwa jamii. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa takriban asilimia 9 ya watu wa umri wa miaka 25 hadi 64. Kwa kuwa vipimo hivi havikufanywa kwa watu wa namna moja, si haki kuvilinganisha tarakimu kwa tarakimu. Hata hivyo vyatosha kutuonya kwamba kisukari si ugonjwa wa jamii moja wala wa mtaa mmoja.

Wanga na sukari tulavyo huvunjwa tumboni vikawa sukari ndogo, hasa glukosi, ambayo huingia katika damu. Kongosho hutoa insulini ili glukosi hiyo ipokewe na seli za mwili. Kwa mgonjwa wa kisukari, insulini haitoshi au haifanyi kazi yake vizuri, na sukari hubaki katika damu. Basi kupunguza wanga na sukari katika vyakula vya sikukuu ni jambo la maana. Lakini wengi hulifanya kwa njia mbili zenye kasoro.

Kosa la kwanza ni kuitupa sukari nyeupe na kutia sukari guru, kwa imani kwamba ni dawa. Sukari guru ina madini kidogo na ladha yake. Lakini zaidi ya sehemu nane katika kumi za uzito wake ni sukari ile ile ya muwa.

Kosa la pili ni kuhesabu wanga na kusahau mafuta. Tuchukue ladu za unga wa dengu: unga gramu 200, sukari gramu 200 na samli gramu 100. Gramu 100 za unga wa dengu zina kabohaidreti takriban gramu 58, ilhali za unga mweupe wa ngano zina karibu 76. Basi mchanganyiko wetu una gramu 316. Ukifinyanga ladu 20, kila moja ina karibu gramu 16. Sasa tutoe sukari gramu 120, na mahali pake tutie karanga zilizokaangwa na kusagwa gramu 120. Kila ladu itabaki na kabohaidreti gramu 11 tu. Lakini nishati yake itapanda kutoka kilokalori 121 hivi hadi 132, kwani gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, na ya sukari 4. Dawa yake ni rahisi: karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, kwa hiyo samli ipunguzwe hadi gramu 60. Nishati itashuka hadi 115 hivi.

Si kila kitamu hukubali marekebisho hayo. Barfi ya maziwa ikipunguzwa sukari huharibika upesi katika joto letu, kwa sababu sukari hushika maji ambayo bakteria huyahitaji. Basi itengenezwe kidogo na kuliwa mapema. Jalebi nayo ni unga wa ngano uliochachuliwa, ukakaangwa na kuchovywa katika shira. Ukiondoa shira, hiyo si jalebi tena. Kwa maoni yangu ni afadhali kula jalebi moja ya kweli kuliko tano za bandia.

Walimu wanaweza kuyathibitisha haya maabara. Yeyusha sukari nyeupe katika chombo kimoja na sukari guru katika kingine, kisha pima kwa kemikali ya Benedict. Sukari nyeupe haitabadili rangi ya buluu. Sukari guru itaibadili, kwa kuwa ina glukosi na fruktosi kiasi. Chemsha sampuli nyingine kwa asidi hafifu, uizimue kwa bikaboneti ya sodiamu, upime tena. Zote mbili zitageuka nyekundu ya matofali. Mwanafunzi aliyeliona hilo kwa macho yake hatadanganyika dukani.

Mzee mwenye kisukari, mkebe ukimfikia, hulazimika kuchagua: ale aumie, au akataye aonekane amevunja heshima ya mwenyeji. Ladu niliyoieleza haimponyi, wala haimruhusu kuacha dawa zake au kula bila kiasi. Bali yampa nafasi ya kupokea moja, ahesabu gramu zake 11 katika mlo wa siku, na aketi na wenziwe. Sayansi ikimwezesha mtu kubaki katika sikukuu ya jirani yake, imefanya kazi yake.