Injini Mpya, Kijiwe Kikae Mbali!

Wiki iliyopita tulimalizana na mambo ya mapenzi, leo tupumzishe mioyo kidogo, tuongee chuma.

Kuna mshikaji wangu mmoja, jina namfichia, kachimba Nyarugusu miaka mitatu. Wenzake wakipata mkwanja wanakimbilia bodaboda na kumwagia wanamuziki noti. Yeye karudi Shinyanga kufufua Peugeot 504 ya marehemu mzee wake, ile aliyokuwa akipigia teksi. Msimcheke! 504 ilianza kutoka kiwandani Ufaransa mwaka 1968, ikaja kushinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978 (ingawa hiyo ya 1978 ilikuwa koupe ya V6, siyo teksi ya mzee). Injini imesukwa yote: krenki imechongwa, beringi mpya, ringi mpya, kamshafti na tapeti mpya. Karibu dhahabu yote imeishia humo. Na bi mkubwa kaahidiwa kupelekwa Mwanza nayo.

Sasa kijiwe kizima cha gereji kinauliza kila siku: inawashwa lini? Washkaji wanataka moshi, wanataka resi mpaka mabati yatetemeke, halafu soda. Kasheshe ndiyo inaanzia hapo. Injini iliyosukwa haiharibikii njiani Mwanza, inaweza kuharibikia hapo hapo gereji, katika dakika chache za mwanzo, huku watu wanapiga makofi.

Kisa? Injini mpya ni kavu. Oili uliyomimina iko chini kwenye sampo, haijafika kwenye beringi. Ukiwasha tu, chuma kinasuguana na chuma. Kwa hiyo unachomoa plagi zote nne, unachomoa waya wa koili ili kusiwe na cheche, halafu unapiga stata kidogo kidogo, unaipumzisha, unapiga tena, mpaka taa ya oili izime au geji ipande. Bila plagi injini inazunguka kilaini, haina mzigo. Taa ikigoma kuzima, hakuna kuwasha. Rudi kwenye pampu. Hapo bora uonekane mwoga.

Lakini usiisage stata nusu saa. Kamshafti hupakwa mafuta mazito wakati wa kufunga, na kuzungushwa mno kunayafuta kabla kazi haijaanza. Ndiyo maana taimingi ipangwe kabisa kabla, waya za plagi zifuate 1-3-4-2, na kabureta ijazwe petroli kabisa. Petroli iwe mpya, siyo ile iliyolala kwenye tangi na kutu tangu mzee yu hai. Na filta ya hewa ifungwe siku hiyo hiyo! Wengine wanaiacha wazi eti wasikie injini inavyovuta. Kwa vumbi letu hili, na mawe yanayosagwa kwenye makarasha kila kona, hiyo ni kuilisha injini msasa.

Oili nayo usinunue kwa kuangalia kopo zuri. Oili nyingi za magari ya petroli, tangu kati ya miaka ya 2000, zimepunguzwa zinki na fosforasi kwa sababu vinaharibu kichujio cha moshi cha magari mapya. Tapeti bapa za 504 zinaitaka zinki hiyo, hasa siku ya kwanza. Tafuta oili iliyoandikwa kuwa ni ya injini za zamani au ya kulainishia injini mpya.

Ikishika moto, usiiache ikoroge sailensa. Hapa ndipo mafundi wengi wa mtaani tunabishana nao. Kwenye sailensa kamshafti inapata oili kiduchu, maana nyingi hurushiwa na krenki inayozunguka. Ipandishe mara moja hadi mizunguko kama 2,000 mpaka 2,500 kwa dakika, uichezeshe humo humo dakika 20 hivi. Siyo kuipigisha kelele! Mmoja ashike resi, mwingine aangalie taa ya oili na joto la maji, wa tatu apite na tochi akitafuta panapovuja petroli, ndoo ya mchanga iwe karibu. Feni ya 504 hushikwa na sumaku maji yakipata moto, basi ijaribiwe mapema. Ikianza kugonga au taa ikiwaka, zima, usingoje kuuliza.

Baada ya hapo oili inamwagwa ikingali na moto, na filta inapasuliwa kuona kama kuna vipande vya chuma.

Watu watatu tu, basi. Mshikaji kawatangazia kijiwe kwamba ni Jumapili saa nane mchana. Mimi kaniambia Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, nije na tochi.