Jino la Kwanza Kung'oka

Mtoto afikapo umri wa miaka 6 hivi, meno yake ya utoto huanza kulegea na kung'oka. Mtoto huogopa aonapo damu. Basi watu wa nchi mbalimbali wana desturi za kumtuliza. Katika Japani jino la chini hutupwa juu ya paa, na la juu hutupwa chini ya sakafu, ili jipya liote likielekea lile la kale. Katika Hispania jino huwekwa chini ya mto, naye panya hulichukua usiku na kuacha zawadi. Mwaka 1894 padre Luis Coloma aliandika hadithi ya panya huyo kwa ajili ya mfalme Alfonso wa 13, mtoto wa miaka 8.

Wako wachekao desturi za wengine. Si haki, kwa kuwa hata mfalme alihitaji kufarijiwa. Wala si kweli kwamba paa au panya huotesha jino: jipya limo tayari ndani ya ufizi, nalo ndilo lisukumalo la kale. Lakini hilo jipya likiisha kung'oka, haliji jingine. Basi desturi na imtulize mtoto, na mswaki umlindie meno.