Sigara ya umeme: utamu wa ladha si alama ya usalama

Sigara ya umeme si jambo geni tena kwa vijana wa miji ya mashariki mwa Kongo. Kuna ile ndogo ya rangi, inayovutwa hadi iishe kisha kutupwa. Kuna pia ile ya kisanduku chenye betri, ambayo mwenyewe anaijaza maji yenye harufu ya embe, mnanaa au vanila. Wanaoipenda zaidi hawaishii hapo. Wanatafuta kichwa cha kuchomea ambacho mtu anaweza kukifungua, kukifunga waya wake mwenyewe na kukiwekea pamba yake mwenyewe. Kichwa hicho kinaitwa atomiza, na sababu ya kukitafuta ni moja tu: ladha.

Wanaosema kwamba atomiza ya kujitengenezea inatoa ladha kuliko zingine hawasemi uongo. Tatizo linaanza pale mtu anapodhani kwamba kinachopendeza ulimini kimeshapimwa na ni salama kifuani. Ulimi haujui kilichomo ndani ya mvuke, wala haujui kama betri iko karibu kulipuka. Kosa hilo linaweza kumharibia kijana mapafu, na kwa familia inayoishi hemani linaweza kuleta moto.

Ladha inatoka wapi

Kazi ya atomiza si ngumu kueleweka. Ndani yake mna waya mwembamba uliozungushwa kama springi, unaoitwa koili. Katikati ya koili inapitishwa pamba iliyolowa maji ya ladha. Mtu akibonyeza kitufe, umeme wa betri unapita kwenye waya, waya unapata moto, na maji yaliyo kwenye pamba yanageuka kuwa mvuke.

Maji hayo kwa kawaida yana vitu vinne: gliserini, propilini glikoli, harufu za kutengenezwa, na mara nyingi nikotini. Gliserini ikizidi, mvuke unakuwa mwingi na mzito. Propilini glikoli inabeba ladha vizuri zaidi, lakini inakwaruza koo. Ndiyo maana anayetafuta ladha hapendi maji yaliyojaa gliserini peke yake.

Umbo la atomiza nalo lina kazi yake. Ya ladha ina chumba kidogo, dari la mviringo, koili moja, na matundu ya hewa yanayopuliza karibu kabisa na koili. Ile yenye chumba kikubwa na matundu mapana inatoa mawingu ya kujionyesha, lakini ladha inafifia kwa sababu mvuke unachanganyika na hewa nyingi. Kwa hiyo mnunuzi anayeambiwa dukani kwamba atomiza kubwa ndiyo yenye ladha kubwa anadanganywa.

Kuna ya kudondoshea matone na kuna yenye tangi dogo. Ya matone inasifiwa zaidi kwa ladha, ila pamba yake inakauka baada ya mivuto michache, na mwenyewe asipokumbuka kuongeza maji, anavuta pamba inayoungua. Asiyezoea ni afadhali atumie yenye tangi.

Waya na pamba

Waya unaotumiwa sana ni kanthali, mchanganyiko wa chuma, kromi na alumini. Kuna pia nikromi na chuma cha pua. Kanthali inamfaa anayejifunza, kwa sababu haipotezi umbo haraka. Koili ikishafungwa, isiguse ukuta wala sakafu ya atomiza, maana hapo umeme utapata njia ya mkato. Kisha inapimwa kwa kifaa cha kupimia omu, na inapashwa moto kidogo kidogo kabla ya kutiwa pamba. Koili nzuri inaanza kuwa nyekundu katikati na kuenea sawasawa hadi kingoni. Ikiwaka upande mmoja tu, mvuke utaungua upande huo.

Pamba iwe safi, isiyo na dawa wala nyuzi za plastiki. Ipite kwenye koili ikikaza kidogo tu. Ikikazwa sana, maji hayapiti na pamba inaungua. Ikilegea sana, maji yanavuja. Rangi yake ikigeuka kahawia na ladha ikififia, ibadilishwe.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wachache wanalieleza. Pamba ikikauka, ladha ya kuungua inakwaruza koo papo hapo. Hiyo si ya kuvumilia. Maji yakipashwa moto kupita kiasi yanatoa fomaldehidi, kemikali inayojulikana kusababisha kansa. Basi ladha mbaya ni onyo la kweli, na anayeipata aache kuvuta saa ile ile. Lakini ladha nzuri si cheti cha usalama. Inaonyesha tu kwamba koili na pamba vimefungwa vizuri, basi.

Kula si sawa na kuvuta

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulitoka kwenye kiwanda cha bisi huko Missouri, Marekani. Mwaka 2000, wafanyakazi wanane waliowahi kufanya kazi hapo waliripotiwa kuwa na ugonjwa mzito unaoziba njia ndogo za hewa kwenye mapafu. Uchunguzi uliuhusisha na mvuke wa diasetili, kitu kinachotoa ladha ya siagi. Kuila siagi hiyo kwenye bisi hakukuwa na shida, lakini wafanyakazi hao waliivuta kila siku kazini, na mapafu hayana tumbo la kusaga chakula. Ladha nyingi zinazowekwa kwenye maji ya sigara za umeme ziliruhusiwa kwa ajili ya kuliwa.

Mwaka 2019 Marekani ilipata pigo jingine. Hadi Februari 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa hospitali au kufa kwa ugonjwa wa mapafu uliohusishwa na uvutaji wa mvuke, na 68 kati yao walifariki. Kilichoshukiwa zaidi kilikuwa asetati ya vitamini E, kitu cha mafuta kilichochanganywa hasa kwenye maji yenye bangi ya magendo. Vitamini hiyo watu wanaimeza na kujipaka bila shida.

Kwa hiyo anayechanganya maji yake nyumbani kwa kutia harufu ya keki, mafuta ya kupikia au kitu chochote cha jikoni anacheza na mapafu yake. Vilevile chupa isiyoandikwa kilichomo ndani isinunuliwe, hata ikiwa ya bei rahisi.

Hesabu ya betri

Anayejitengenezea koili anakuwa fundi wa umeme, apende asipende. Betri ya litiamu iliyojaa ina volti 4.2. Koili ya nusu omu inaivuta amperi 8.4, na hiyo betri nzuri inaibeba. Koili ya omu 0.1 inaivuta amperi 42, na hapo betri nyingi zinazotumiwa kwenye visanduku hivi zinazidiwa. Zinapata joto, zinatoa gesi, na zinaweza kulipuka. Betri iliyotolewa kwenye kompyuta ya zamani haikutengenezwa kwa kazi hiyo, hata kama inaingia vizuri kwenye kisanduku.

Visanduku vingi vya kisasa vina kadi ya elektroniki inayokata umeme kukiwa na hatari. Vile vya bomba tupu havina kinga hiyo, na asiye na ujuzi asiviguse. Watu wamekufa kwa ajali za namna hii: Mei 2018 huko Florida, na Januari 2019 huko Texas, kila mara mtu mmoja aliuawa na kifaa kilicholipuka karibu na uso wake.

Betri yenye ngozi iliyochanika itolewe kazini. Isiwekwe mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Isichajiwe kwa chaja yoyote inayopatikana tu.

Kwa familia zilizokimbia vita jambo hili lina uzito zaidi. Kambini hema zimebanana, turubai linashika moto upesi, na mara nyingi kila kitu kinachajiwa kwenye meza moja ya yule anayechaji simu kwa paneli ya jua. Betri ya sigara ya umeme isichajiwe usiku watu wakiwa wamelala, wala juu ya godoro, wala karibu na mlango ambao watoto wangetorokea.

Hatari nyingine ni chupa yenyewe. Chupa ya mililita 10 yenye nikotini ya miligramu 20 kwa kila mililita ina jumla ya miligramu 200. Hiyo ni sumu kali kwa mtoto, na harufu yake ni ya peremende. Desemba 2014, mtoto wa mwaka mmoja alikufa katika jimbo la New York kwa nikotini ya maji. Baada ya hapo, Januari 2016, Marekani ilipitisha sheria ya kulazimisha vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua. Hemani ambako hakuna kabati wala kufuli, chupa kama hiyo haina mahali pa kukaa. Mtoto akiinywa, apelekwe kituo cha afya mara moja, na chupa ibebwe ili muuguzi ajue alichokunywa.

Wanaoitetea wana haki kiasi gani

Wapo wanaosema kwamba sigara ya umeme imewasaidia kuacha tumbaku. Wasikilizwe, kwa sababu hawakosei. Tafiti zilizokusanywa na kuchunguzwa kimataifa zinaonyesha kwamba watu wazima wanaotumia sigara za umeme zenye nikotini wanafaulu kuacha tumbaku zaidi ya wanaotumia viraka au ubani wa nikotini. Papa aliyevuta pakiti nzima kwa siku kwa miaka ishirini, akihamia kwenye mvuke na kuacha sigara kabisa, anapunguza sumu nyingi zinazoingia mwilini mwake. Ladha inaweza kumsaidia asirudi kwenye tumbaku. Kwa mtu huyo, atomiza iliyofungwa vizuri, maji yaliyoandikwa kilichomo na betri nzuri ni afadhali kuliko ile ya kutupwa. Anabadilisha waya na pamba tu, badala ya kutupa betri nzima kila wiki. Ubelgiji imepiga marufuku zile za kutupwa tangu tarehe 1 Januari 2025, na Uingereza tangu tarehe 1 Juni mwaka huo huo. Kongo, ambayo kobalti yake inaingia kwenye betri nyingi za litiamu duniani, haina sababu ya kugeuka jalala la betri hizo.

Lakini hoja ya yule papa haimhusu kijana wa miaka kumi na tano ambaye hajawahi kuvuta chochote. Kwake ladha si njia ya kutokea, ni mlango wa kuingilia. Mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilisema kwamba watoto wa miaka 13 hadi 15 wanatumia sigara za umeme kwa kiwango kikubwa kuliko watu wazima katika kanda zote za shirika hilo, na likaomba serikali zipige marufuku ladha zote. Nikotini inashika upesi zaidi kwenye ubongo unaokua, na ikishashika inadai feza kila siku. Katika familia inayongoja mgawo wa chakula, feza hiyo inatoka kwenye unga, sabuni au karo ya mtoto.

Kinachopaswa kufanywa

Uganda, jirani wa Kongo, ilizikataza sigara za umeme kwa sheria yake ya mwaka 2015 kuhusu tumbaku. Kongo inaweza kuchagua njia hiyo au nyingine, lakini kunyamaza si njia. Hata kabla ya Kinshasa kuamua, kuna yanayowezekana mtaani. Muuzaji asimuuzie mtoto, na asiuze chupa isiyoonyesha kiwango cha nikotini. Umoja wa Ulaya unakataza kuzidi miligramu 20 kwa mililita, na kipimo hicho muuzaji wa hapa anaweza kukifuata bila kungoja mtu. Wakubwa wa mitaa na kamati za makambi waongeze betri za litiamu kwenye mafunzo yao ya kuzuia moto, pamoja na mkaa na mishumaa. Mzazi anayesikia harufu ya embe mahali pasipo na embe aulize kwa upole, maana kijana anayefokewa atajificha, na akivuta gizani ndani ya hema, hatari inakuwa ya wote.

Asiyevuta asianze. Anayevuta tumbaku na anataka kuacha aende kwanza kwa muuguzi. Akichagua mvuke, ajifunze koili, pamba na betri kabla ya kuuliza ladha gani ni tamu, na apange siku ya kuacha mvuke huo pia.